Toleo la Kumi na Nne

Jumanne, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Tusajigwe Mwaipopo alichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta ya maabara katika Kituo cha Afya Ndubi, akabonyeza kitufe cha kuwasha, akaanza kuhesabu. Sekunde ya kumi na moja skrini ilitoa mstari mmoja mweupe: HAKUNA IDHINI. Kisha ikazimika.

"Basi Ijumaa ndiyo itakuwa hivi," alisema Gwakisa, mtaalamu wa maabara. Alikuwa amesimama mlangoni na glavu mkononi. "Niliwahi kuona jenereta linagoma, maji yanagoma, hata mganga mkuu akigoma. Kompyuta kuninyima ruhusa ya kupima damu, hiyo bado."

"Idhini ikiondolewa, itakuwa hivi kwa kila kompyuta iliyozidi miaka minane. Hii yako ina miaka kumi na minne."

"Mke wangu nimemwoa miaka kumi na minne. Hajazimwa."

Tusajigwe hakucheka. Alifungua trei ya diski, ambayo ilitoka kwa kukwaruza, akaweka diski yenye karatasi ya bluu iliyoandikwa Kwaya ya Akina Mama, Albamu ya Pili. Alibonyeza kitufe tena, na mara hii alitumia saa ya kusimamisha.

Kwa miaka sita kila kompyuta ilikuwa ikiomba ruhusa ya Sajili, ofisi ya serikali inayosimamia kompyuta zote, kabla ya kuwaka. Fleshi hazikusaidia, kwa sababu kila fleshi ilikuwa na namba na ilijitangaza mara tu ilipochomekwa. Diski haikuwa na namba wala chipu. Ilikuwa plastiki yenye vishimo, na walioandika kanuni za Sajili hawakuitaja popote, kwa kuwa waliamini hakuna aliyebaki nazo. Ndani yake Tusajigwe alikuwa ameweka sahihi, msimbo wa siri unaochukua nafasi ya ruhusa ya Sajili, na mfumo mzima wa uendeshaji, Linux iliyopunguzwa mpaka mifupa. Mfumo ulipanda kwenye kumbukumbu ya muda, ukafanya kazi humo, na kompyuta ikizimwa ulitoweka bila kuandika herufi moja ndani ya mashine. Toleo la kwanza lilichukua zaidi ya dakika sita kuwaka. Aliondoa michezo, lugha arobaini, na viendeshi vya vifaa ambavyo hakuna zahanati iliyowahi kuviona. Kisha alirekodi mpangilio ambao mashine husoma faili inapowaka, akazipanga faili kwenye diski kwa mpangilio huohuo, ili lenzi isirukeruke kuzitafuta. Hatua hiyo peke yake iliokoa sekunde tisini.

Skrini ilifunguka.

"Dakika moja na sekunde hamsini na mbili," alisema.

Gwakisa aliweka sampuli tatu za majaribio kwenye mashine ya kupima damu. Majibu matatu yalitoka kwenye printa. Aliyasoma, akayalinganisha na karatasi ya kiwanda, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mwalimu, hii kitu inapiga kazi." Watu wengi walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha umeme na kompyuta chuo cha ufundi kwa miaka kumi na mmoja. "Sasa naizima vipi?"

"Bonyeza hapo, 'Zima'."

Mwenyewe hakuwahi kubonyeza hapo. Katika majaribio yake yote, mia mbili na sita, alipima muda wa kuwaka, akakata umeme, akaanza upya. Kwa hiyo alichokiona sasa alikuwa anakiona mara ya kwanza. Skrini haikuzimika. Iligeuka nyeusi, na maandishi ya manjano yakaanza kupanda polepole kutoka chini, kama mwisho wa video ya harusi.

SHUKRANI ZA PEKEE. Kwa dada yetu Editruda Komba wa Ofisi ya Sajili, Mbeya, aliyetupatia sahihi. Mungu azidi kumpa wepesi wa moyo. Na kwa wengine wote ambao nafasi haitoshi kuwataja.

"Vizuri sana," alisema Gwakisa. "Siku hizi watu hawashukuru." Kisha akamtazama. "Mwalimu? Vipi?"

"Washa tena, kisha uzime," alisema Tusajigwe.

Maandishi yalikuwa palepale. Diski kama hiyo ilikuwa tayari katika vituo vya afya na zahanati thelathini na moja. Zilikuwa zimesafirishwa Jumatatu ndani ya masanduku ya chanjo.

*

Saa tano na nusu, Tukuyu, mvua ikinyesha. Studio ya Ambakisye ilikuwa nyuma ya duka la mbolea. Hapo alirekodi kwaya, harusi na misiba kwa miaka ishirini na saba, na hapo ndipo ulipobaki mnara, mashine ya kunakili diski saba kwa wakati mmoja, pengine wa mwisho katika mkoa. Alikuwa anafuta vumbi kwenye lenzi kwa kitambaa cha miwani.

"Amba, ni wewe uliyeweka shukrani?"

"Umeziona!" Uso wake ulichangamka. "Nilijua utazipenda. Nilitaka kuweka na wimbo kwa chini, nikakumbuka unavyolia na ukubwa wa faili."

"Umeandika jina la Editruda Komba na ofisi yake."

"Ningeandikaje? 'Dada mmoja hivi'? Hiyo ni dharau." Aliweka kitambaa chini. "Mwalimu, hapa hakuna kazi iliyotoka bila shukrani. Kwaya ya watoto, tulimshukuru mpaka mama aliyeazima sufuria. Msipomshukuru mtu, kesho hamwombi tena."

"Sahihi aliyotupa ni mali ya Sajili. Kuitoa kwa siri ni miaka saba jela."

Ambakisye aliokota kitambaa, akakikunja mara nne. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Mimi nilijua ni siri kwa wakubwa," alisema. "Wanaoiona diski si wakubwa. Ni manesi."

"Jina langu halimo. Kwa nini?"

"Uliniandikia. Ipo pale ukutani." Alionyesha karatasi ya masharti ambayo Tusajigwe aliichapa mwezi wa pili. Sharti la nne lilisema: Jina la Tusajigwe Mwaipopo lisionekane popote kwenye diski. "Nikadhani huna makuu. Wapo watu wa hivyo."

"Na la kwako?"

"Mwenye shughuli hajishukuru mwenyewe."

Tusajigwe alisoma sharti la nne tena. Lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kosa, na lilimlinda mtu mmoja.

Alifungua daftari la vipimo. Jumamosi, saa nane mchana, alikuwa ameandika ukubwa wa toleo la kumi na nne baada ya kunakiliwa: ulizidi ule wa toleo alilokabidhi kwa baiti 2,048. Hiyo ni sekta moja, kipande kidogo kabisa ambacho diski inaweza kuongeza. Pembeni, kwa mwandiko wake, palikuwa na neno moja: *ujazo*. Mnara wakati mwingine ulijaza sekta tupu mwishoni, na yeye alichukulia ndivyo. Hakufungua kuangalia. Shukrani za Ambakisye zilichukua baiti mia moja themanini na ushee. Zilizobaki zilikuwa tupu. Nafasi ya kuwataja wengine ilitosha kabisa.

"Diski tupu zimebaki ngapi?"

"Tisa. Nimehesabu asubuhi. Na hazitengenezwi tena popote, usiniulize."

"Tisa."

"Mwalimu, nikamwone mimi? Nikamwombe radhi?"

"Simu zote zinapita kwa Sajili. Nitakwenda mwenyewe kesho."

"Mwambie..."

"Usinitume neno, Amba. Tafadhali. Umeshaandika ya kutosha."

*

Jumatano, saa saba na dakika ishirini mchana, Mbeya. Editruda Komba alikula chakula cha mchana mahali pamoja kila siku, kibanda cha mama lishe nyuma ya ofisi za Sajili. Alikuwa mhandisi wa sahihi, mzaliwa wa Songea, umri wa miaka thelathini na minane. Miezi minane iliyopita aliambiwa aandae orodha ya kompyuta zitakazoondolewa idhini. Aliiandaa, akaona kwamba theluthi moja zilikuwa za huduma za afya, akaandika barua tatu kwa wakubwa wake, na hakuna iliyojibiwa. Ndipo alipomwandikia Tusajigwe herufi sitini na nne kwenye ukurasa wa daftari, kwa kalamu ya bluu. Mashine yoyote iliyoona sahihi iliyotokana na herufi hizo iliwaka bila kuuliza.

Tusajigwe alimweleza kila kitu kwa mpangilio: Ndubi, maandishi ya manjano, sekta moja, diski thelathini na moja, diski tupu tisa. Editruda alisikiliza huku akitoa mifupa kwenye samaki.

"Wepesi wa moyo," alisema. "Ndio nini, wepesi wa moyo?"

"Ni lugha ya kwaya."

"Nikitoka huko nitakakokwenda, huyo Amba tutaonana."

"Hutakwenda popote. Nimepanga. Leo jioni natuma neno diski zote zivunjwe. Nanakili tisa mpya, safi, na kuzipeleka kwenye vituo tisa vyenye wagonjwa wengi."

"Na ishirini na viwili?"

"Vitasimama Ijumaa saa sita."

"Kwa muda gani?"

"Ninatafuta njia isiyohitaji sahihi kabisa. Kuna kosa kwenye ubao wa kompyuta za zamani, naliona lakini bado sijaliweza. Wiki sita. Pengine saba."

"Wiki saba bila maabara. Ishirini na viwili." Editruda alinawa mikono kwenye beseni, akajifuta. "Na wewe ndiye utakayechagua vile tisa?"

"Kwa idadi ya wagonjwa. Ni kipimo cha haki."

"Mimi nilitengeneza orodha kwa umri wa mashine. Nacho kilikuwa kipimo cha haki, dada. Kilipitishwa bila swali."

Tusajigwe alitazama maji ya beseni.

"Sasa nikuulize kitu cha kitaalamu. Ukinakili tisa safi, mkaguzi akiikamata moja, atafanya nini?"

"Atasoma sahihi. Ataona namba yake, si jina."

"Namba atajua ni ya nani. Tuko wanne tu tunaozishika. Wakaguzi wanaanza kuzunguka Jumatatu. Wakigundua, wanaifuta. Orodha ya sahihi zilizofutwa inatangazwa redioni kila saa, na chipu ya kila ubao inaisikia hata kama hakuna waya. Kwa hiyo hizo safi zako zitaishi mpaka Jumatatu. Ukiwa na bahati, Jumatano."

"Najua."

"Unajua, na bado ulipanga. Ulikuwa unaniokoa kwa siku tano." Alisema bila ukali. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akaandika namba kwenye leso ya karatasi. "Kanuni ya thelathini na moja. Niliichapa mwenyewe mwaka wa kwanza, ndiyo maana naikumbuka. Mhandisi anaweza kutoa sahihi kwa huduma ya dharura ya afya kwa hiari yake, ikiwa atatangaza kwa maandishi kabla haijatumika, na ikiwa jina lake linaonekana kwa mtumiaji wa kompyuta. Sahihi ya namna hiyo haifutwi mpaka mhandisi asikilizwe na Baraza la Sajili."

"Imewahi kutumika?"

"Hata mara moja. Nani atangaze? Ukitangaza unazuiliwa siku hiyohiyo mpaka Baraza likae. Baraza linakaa kila robo mwaka." Alihesabu kwa vidole. "Kikao kijacho ni baada ya wiki saba na siku tatu."

Mama lishe alikuja kuchukua sahani. Wote wawili walisubiri aondoke.

"Jina lionekane kwa mtumiaji," alisema Editruda. "Linaonekana?"

"Linaonekana. Kwa rangi ya manjano."

"Basi rafiki yako mpuuzi ametimiza sharti ambalo mimi na wewe, na shule zetu zote, tusingelikumbuka. Msivunje hata moja."

"Baraza likikukataa ni miaka saba ileile."

"Ndiyo."

"Sahihi uliitoa miezi kadhaa iliyopita. Watasema ulitangaza baada ya kutoa."

"Kanuni inasema kabla haijatumika. Jumanne ilikuwa majaribio, sampuli za kiwanda. Hakuna mgonjwa. Sivyo?"

"Sivyo. Yaani, ndiyo, hakuna mgonjwa."

"Basi nina hoja. Wao wana mlango na funguo, mimi nina hoja. Lakini hiyo orodha niliiandika kwa mkono wangu, na sitakaa dirishani Ijumaa saa sita kuitazama ikifanya kazi."

Tusajigwe alikuwa amebakiwa na jibu moja tu. "Weka na jina langu. Tutangaze wawili."

"Wewe si mhandisi wa Sajili. Jina lako halina nguvu ya kanuni yoyote, lina faida ya kukufunga tu." Editruda alisimama, akajifunga mtandio. "Ukiwa ndani, nani atalimaliza hilo kosa la ubao? Amba? Sitaki mtu wa kunisindikiza. Nataka baada ya wiki saba kuwe na diski isiyohitaji sahihi ya mtu yeyote, hata yangu. Lile sharti lako la nne, liache lilivyo."

"Liliandikwa kwa ubinafsi."

"Inawezekana. Lifuate hivyohivyo."

*

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini na nne, ukumbi wa umma wa Ofisi ya Sajili, Mbeya. Tusajigwe alikuwa kwenye benchi la tatu, na karatasi ya foleni yenye namba 118. Aliombwa asije. Alikuja kwa sababu tangazo lingehitaji shahidi atakayejua saa kamili, na hakumwamini mtu mwingine kuitazama saa.

Editruda alipita upande wa wafanyakazi, akazunguka, akaja kusimama mbele ya dirisha namba mbili kama mwananchi. Nyuma ya kioo alikaa msajili wa zamu, Bwana Mhagama, aliyefanya naye kazi miaka mitano. Editruda alisukuma barua yenye nakala mbili na diski moja.

Mhagama alisoma. Alisoma tena kuanzia juu.

"Eda, hii nini?"

"Tangazo chini ya kanuni ya thelathini na moja. Naomba muhuri wa kupokelewa, na saa."

"Dada yangu." Aliinama karibu na tundu la kioo, lakini ukumbi ulikuwa kimya na benchi la tatu lilisikia. "Chukua barua yako. Rudi mezani kwako. Mimi sijaona kitu. Ya saa sita yapite, tutazungumza kama watu wa nyumbani."

"Saa sita ikipita ni wizi. Sasa hivi ni tangazo."

"Una mama mgonjwa, unamtunza wewe."

"Anatibiwa zahanati yenye kompyuta ya miaka kumi na miwili. Gonga muhuri, kaka."

"Lazima nimuulize mkuu."

"Kanuni haisemi umuulize mkuu. Inasema msajili wa zamu atapokea. Wewe ndiye wa zamu?"

Mhagama alishika muhuri bila kuugonga.

"Nimekuuliza kwa sauti ili watu wasikie. Wewe ndiye wa zamu?"

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, namba 112, alisimama kuona kinachoendelea. Mzee mmoja aliyeshika kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwa mpira alisema, "Mpe muhuri wake, bwana. Sisi tunasubiri tangu saa mbili na hatuna kanuni yoyote."

Watu wawili walicheka. Wa tatu aliuliza kanuni ya thelathini na moja inasemaje. Editruda aligeuka akamweleza, kwa sauti ile aliyotumia kibandani, pamoja na jina lake kamili, cheo chake na namba ya sahihi. Alirudia namba ya sahihi mara mbili. Mzee aliiandika kwenye kiganja.

Saa tano na dakika hamsini na nne muhuri uligongwa kwenye nakala zote mbili. Mhagama aliandika saa kwa mkono, na tarakimu zilisomeka.

Saa sita kamili taa za kompyuta tatu za wananchi kwenye kona ya ukumbi zilizimika kwa pamoja. Zilikuwa na umri wa miaka tisa.

Saa sita na dakika nne maofisa wawili walishuka ngazi. Mmoja alimwuliza Editruda nani alitengeneza diski.

"Kanuni inataka jina la mtoa sahihi," alisema. "Umelipata. Ukitaka jingine, niletee kanuni nyingine."

"Utasema tu."

"Nitasema mbele ya Baraza. Ninyi wawili si Baraza. Hata viti hamna."

Walimwelekeza kwenye korido. Alipita mbele ya benchi la tatu bila kugeuza kichwa. Tusajigwe alitazama saa yake, kwa kuwa ndicho alichokuja kufanya: saa sita na dakika saba. Mlango wa chumba namba nne ulifungwa.

Kufikia saa saba kasoro robo vituo ishirini na sita vilikuwa vimetuma ujumbe wa simu wenye neno moja, jina la kituo, ambalo lilimaanisha kompyuta imewaka kutoka kwenye diski. Viwili vilieleza kwamba trei imekwama na fundi amefuatwa. Vitatu havikuwa vimesema lolote.

Saa saba kamili, Tukuyu, Ambakisye aliwasha kipokezi cha redio na kusubiri orodha ya sahihi zilizofutwa. Ilianza dakika moja baadaye na kudumu sekunde kumi na nne. Aliichapa, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Ilikuwa na sahihi kumi na tisa. Ya Editruda Komba haikuwemo.